Jaketi la Kinasa

4 Februari

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini wewe na Mama hamjambo, na kwamba goti lake limepata nafuu kwa ile dawa ya kupaka. Mimi ni mzima, ila kichwa kinaniuma tangu kikao cha Ijumaa.

Naandika kwa sababu tulishakubaliana kwamba kwenye simu tunagombana, na kwenye barua angalau huwezi kunikatiza. Dada, umeniumbua mbele za watu! Mimi mwenyewe ndiye niliyekuomba uingie kwenye kamati ya washauri wa idara yangu ya uandishi wa habari, nikiringa kwamba naleta mtu wa kazi akae na maprofesa. Ukaja ukamwambia Mkuu wa Chuo, uso kwa uso, kwamba tunafundisha watoto kuogelea ubaoni. Hata yule profesa mzee wa sheria za habari, ambaye husinzia mara tu chai inapoisha, aliamka akacheka.

Haya, kuna ukweli ndani yake. Lakini lile sharti mnalotaka tulifute halikuwekwa kwa ajili ya mapambo. Mwanafunzi wetu wa mwaka wa tatu akiwa kwenye mafunzo ya kazi, hatoki nje ya chumba cha habari bila kufuatana na mwajiriwa, na akiona hatari ana ruhusa ya kukataa. Tuliliandika kwa sababu hawa ni watoto wa watu. Nifikirie kidogo kabla hujarudi na panga lako.

Msalimie sana Mama.

Mdogo wako


11 Februari

Mheshimiwa Mkuu wa Idara (au bado naruhusiwa kukuita Kitindamimba?),

Marahaba. Mama hajambo. Goti linamsumbua asubuhi tu, mdomo haumsumbui saa yoyote. Anashinda na redio yake sikioni, na nikirudi kazini ananisomea makosa yetu yote ya siku, moja baada ya jingine, kabla sijavua viatu.

Usinune. Mnaniletea vijana wanaojua nadharia zote za mawasiliano lakini hawajui kumwuliza polisi swali. Halafu wanakuja na sharti! Sasa nani nimpe afuatane nao? Waandishi wangu wawili wanaumwa, mmoja karibu anajifungua, waliobaki wanalala kwenye viti. Mimi nilipoanza, nani alinishika mkono? Nilitupwa kwenye vurugu za sokoni na kinasa sauti cha kuazima, nikarudi na kiatu kimoja, lakini sauti ninayo. Ndiyo maana leo naitwa mkuu wa habari.

Nikwambie wazi, maana wewe ni damu yangu. Wenye kituo chetu cha redio wamesema sharti likibaki, hatupokei mwanafunzi hata mmoja. Wenzangu kwenye kamati, yule wa gazeti na yule wa televisheni, wanasema hivyo hivyo. Bila nafasi za mafunzo idara yako haipiti ukaguzi, na hilo hunihitaji mimi nikueleze. Lifute, nami nakuchukulia sita. Nitawalea kama nilivyokulea wewe, na mbona hukufa?

Dada yako, anayekupenda hata ukinuna


3 Machi

Dada mpendwa,

Shikamoo. Nimefurahi kusikia Mama anatembea mpaka dukani.

Basi umeshinda. Kamati imependekeza, chuo kimepitisha, na mimi nimesaini. Maprofesa wawili walipinga, ikaandikwa kwamba wamepinga, mambo yakaendelea. Sita wako wanafika Jumatatu. Niliwaita ofisini nikawaambia wakikwama wasinipigie mimi niliye mbali, wamsikilize mkuu wa habari. Akisema kaeni, wakae, akisema nendeni, waende. Nikawaambia ni dada yangu wa tumbo moja, ndiye aliyenilea. Wakachekelea kana kwamba wamepata shangazi mjini.

Kuna binti mmoja, wenzake wanamwita Kinasa, kwa kuwa kinasa sauti hakimtoki mkononi. Aliwahi kuniletea kazi ya darasani ambayo ni mvua tupu juu ya bati, na nikashindwa kumnyima alama. Baba yake ni fundi cherehani, anashona sare za shule. Mama yake alifariki siku aliyomzaa, kwa hiyo wako wawili tu. Haongei sana, na ukimwagiza jambo analifanya bila kukusumbua. Mwangalie kwa jicho lako mwenyewe.

Halafu wape zile jaketi za bluu zenye jina la kituo mgongoni. Wakiwa nje, watu wajue ni akina nani.

Mdogo wako


22 Machi

Kitindamimba,

Marahaba na salamu kutoka kwa Mama, anayesema umekonda. Nilimwuliza kakuonea wapi, akasema anaisikia kwenye barua zako.

Jaketi sahau. Ni za waajiriwa, na mwenye stoo ni mchoyo kuliko wewe ulivyokuwa na pipi zako. Nilimwomba mara moja akaniambia zimekwisha, nami sina nguvu za kugombana kwa ajili ya nguo.

Lakini huyu Kinasa! Nisamehe, humpati tena, ni wangu. Nilimtuma hospitali akaniletee maneno ya daktari, akarudi na sauti ya foleni. Hakuna anayesema, mdogo wangu wee, ni viatu na vikohozi tu, na mtoto mmoja anayeuliza kama wamekaribia. Tuliirusha kama ilivyo. Mama alizima jiko asikilize. "Huyo ni nani?" akaniuliza. Nikamwambia huyo ni wangu, nimemfundisha mwenyewe. Uongo mtupu, lakini nilijisikia vizuri.

Kila ninalomwagiza ananijibu, "Sawa mama." Mama! Mimi nimezeeka lini?

Dada yako


9 Aprili

Mdogo wangu,

Umeshasikia. Nataka ulisikie kutoka kwangu pia.

Jana mchana ghala la magodoro liliwaka moto. Sikuwa na mtu ofisini, nikamtuma Kinasa. Peke yake. Alipofika, zimamoto walimfukuza. Waandishi wa vituo vingine waliruhusiwa kusimama karibu, kwa upande wa mbele, kwa sababu jaketi zao zinaonekana. Yeye aliwaonyesha kitambulisho cha mwanafunzi, wakamwona ni mtazamaji kama watazamaji wengine. Akanipigia. Akasema, "Wamenifukuza mbele, na huku nyuma kuna moshi mwingi. Nirudi?" Taarifa ya habari ilikuwa inakaribia, na watangazaji walikuwa wananikodolea macho. Nikamwambia, "Zunguka nyuma, usirudi bila sauti."

Akasema, "Sawa mama."

Ukuta wa nyuma ulimwangukia.

Mama alisikia redioni, kwenye taarifa yangu mwenyewe, kabla sijafika nyumbani. Nilimkuta amesimama mlangoni na hilo goti lake. Hakunilaumu. Aliniuliza tu, "Alikuwa na nani?" Mpaka sasa sijamjibu, na chakula tunakula kila mtu chumbani kwake. Sijui nifanye nini. Niandikie chochote.

Dada yako


16 Aprili

Dada,

Pole. Na mimi nipe pole.

Nimekosa usingizi nikijisikia mwenyewe nikiwaambia wale watoto, akisema nendeni, mwende. Angenipigia mimi ningemwambia arudi. Sikumwachia nafasi ya kunipigia. Hilo ni langu, sikubebeshi wewe.

Ila nikwambie nililoliona mazishini, kwa kuwa ulikuwa umejificha nyuma ya watu. Bosi wako alimwita shujaa wa kituo, kisha akatandaza jaketi la bluu juu ya jeneza. Jipya, bado lina mikunjo ya mfuko. Baadaye akampa baba mtu, naye akalipokea kwa mikono miwili. Jaketi lilipatikana, dada. Stoo haikuwa tupu. Nilitamani kupiga kelele na sikupiga.

Baba yake aliniuliza ilikuwaje, nikamwambia uchunguzi unaendelea. Na kweli unaendelea, maana chuo kimeikabidhi kazi hiyo kamati ya washauri. Yaani wewe na wenzako mjichunguze. Nakuomba ujitoe. Halafu nenda kwa yule mzee ukamwambie mwenyewe, kabla hajaambiwa na mtu mwingine.

Mdogo wako


10 Mei

Mdogo wangu,

Marahaba, ingawa hukuniamkia. Mama anakula kidogo.

Sikujitoa. Walisema mimi ndiye mjuzi wa mambo ya chumba cha habari, wakanipa niandike ripoti. Ninayo hapa, inakuja na barua hii, inasubiri saini yako kama mkuu wa idara. Inasema mwanafunzi aliagizwa asubiri mbele, akaenda nyuma kwa hiari yake kwa kuipenda mno kazi. Ndivyo mwanasheria wa kituo alivyoshauri. Profesa wako mzee hajasaini, anauliza maswali, na safari hii hasinzii.

Kwa baba yake nilikwenda. Nilikaa naye sakafuni kutwa nzima, nikalia, na wala sikuigiza. Nilikuwa nimejipanga kumwambia kweli. Nikafungua mdomo, yakatoka yale ya mwanasheria. Akanishika mkono akanishukuru.

Usinihukumu kwa haraka. Kituo kikitajwa, nafasi za mafunzo zinakufa kwetu na kwa wenzetu, na idara yako inafungwa, na walimu wako wanarudi makwao. Mimi nafukuzwa, na Mama dawa zake nitamnunulia na nini? Kinasa harudi hata tukisema nini. Yale niliyokuandikia Aprili niliyaandika nimechanganyikiwa. Yaache yapite. Saini, nakuomba. Sijawahi kukuomba kitu tangu tuzaliwe.

Dada yako


2 Juni

Dada,

Shikamoo. Nakuamkia kwa sababu bado u dada yangu.

Nitakuambia kweli: nilikuwa nimeshaamua kusaini. Niliwafikiria walimu wangu, nikamfikiria Mama. Nikasema nipite kwanza kumsalimu baba yake Kinasa, ripoti ikiwa mkobani.

Chumba chao ni kimoja, kimegawanywa kwa pazia. Cherehani iko dirishani, sare zimejaa mpaka kitandani kwa binti. Lile jaketi limetundikwa ukutani. Nikaona limebadilika. Kumbe amelipunguza! Aliniambia lilikuwa kubwa, walioleta hawakujua kipimo cha mwanawe. Amefumua mabega, akapunguza mikono, akashona upya na kulipiga pasi. Hakupima popote, anakijua kichwani.

Alikusifu wewe. "Wakubwa wote walikuja na magari yao, wakaondoka nayo. Dada yako peke yake alikaa chini na mimi." Halafu akaanza kumgombeza mtoto. Dada, anamgombeza! "Mbishi yule. Umeambiwa subiri, si usubiri? Nilimlea peke yangu, nilikosea wapi hata akawa hasikii la mkubwa?" Anasema hivyo huku anashona, mguu uko kwenye pedali, na majirani wananiambia ndivyo anavyoshinda tangu siku uliyokwenda.

Nilishindwa. Nikamwambia, "Mzee, mwanao hakuwa mbishi. Aliambiwa azunguke nyuma, akazunguka. Alitii." Nikamwambia na mimi nilivyofuta sharti, na nilivyowaagiza wasikilize kila watakaloambiwa. Mguu ukasimama. Alitia uzi kwenye sindano, akautoa, akautia tena. Kisha akaniuliza, "Nani alimwambia azunguke?"

Sikukutaja. Nilisema, "Atakuja mwenyewe kukuambia." Anakusubiri, dada, na hajui kwamba anayemsubiri ni wewe.

Ripoti nimeirudisha bila saini, na maelezo yangu juu yake. Idara ikifungwa, ifungwe. Mama nitamchukua mimi.

Mdogo wako


30 Juni

Mdogo wangu,

Mama hajambo. Yuko tayari kuja kwako, ameshafunga nguo zake.

Sijui kama wamekuambia. Ripoti imesainiwa na naibu wako, kwa kuwa wewe uko likizo usiyoiomba, na imepita na maneno yangu yale yale. Nilikwenda kuiomba irudi, nikaambiwa kazi ya kamati imekwisha. Jumatatu kituo kimepokea wanafunzi wengine sita. Sharti halijarudi. Mimi sikuwapokea, maana nimeacha kazi kabla hawajaniachisha.

Jumamosi nilikwenda kwa yule fundi. Alifurahi kuniona, akaondoa sare kwenye kiti akanifutia kwa mkono wake. Nikamwambia sikai. Nikamwambia ni mimi, nikayarudia maneno yangu kama nilivyoyasema kwenye simu, bila kupunguza. Hakunitukana. Nilitamani anitukane. Aliuliza, "Na yeye alikujibu nini?"

Nikamwambia alisema, "Sawa mama."

Kisha akasema, "Wanawake wote aliwaita shangazi, au mwalimu. Hajawahi kumwita mtu mama."

Akasimama, akatoa jaketi ukutani, akalikunja vizuri kama anavyokunja kazi ya mteja, akaniwekea mikononi. Akafungua mlango, akaushika mpaka nilipotoka.

Nilipofika nyumbani nilimjibu Mama swali lake. Nilimwambia alikuwa peke yake, na mimi nilikuwa kwenye simu. Alitikisa kichwa akaenda kufunga nguo.

Jaketi ninalo hapa, kwenye kiti. Nimejaribu kulivaa. Halipiti mabegani.

Dada yako