Zamu ya nyumba ya Papa Clément kwenye Meza ya Jumuiya

JUMUIYA HAI YA MTAKATIFU MARTA
KAMALONDO, LUBUMBASHI

Kumbukumbu za kikao cha kamati, Jumapili tarehe 13 Julai 2025

Mahali: uani kwa Papa Clément Kasongo, kwa ombi lake mwenyewe.
Saa ya kuanza: saa nane na dakika ishirini mchana. Barua ya mwaliko ilisema saa nane kamili.

Waliohudhuria (11):
Papa Donat Mukuka, mwenyekiti
Chance Mwelwa, katibu
Mama Victorine Mbuyi, mkuu wa jiko la jumuiya
Mama Cathy, muuguzi, mshauri wa afya
Papa Alphonse Ngoy, mstaafu wa reli
Mama Michelle, mke wa Papa Alphonse
Papa Clément Kasongo, mstaafu wa maabara ya mgodi, mwenye nyumba
na wajumbe wanne waliotia sahihi kwenye daftari la mahudhurio.

Asiyekuwepo: Papa Franck, aliyesafiri Mokambo kufuata bidhaa zake. Alitoa taarifa.

KUMB. NA. 1/07/2025: KUFUNGUA KIKAO
Mama Michelle aliongoza sala. Kwa kuwa ni miezi ya baridi, wajumbe waliomba kuhamishia viti kwenye jua. Kazi hiyo ilichukua dakika kumi kwa sababu jua la uani halikuwatosha wote.

KUMB. NA. 2/07/2025: KUMBUKUMBU ZA KIKAO KILICHOPITA
Zilisomwa na kuthibitishwa. Mama Victorine aliomba palipoandikwa kwamba yeye "alifoka" paandikwe "alisema kwa sauti". Ilikubaliwa.

KUMB. NA. 3/07/2025: CHAKULA CHA NYUMBANI NA AFYA
Mama Cathy alieleza kwamba tangu Januari amekuwa akipima tension (shinikizo la damu) ya wanajumuiya kila Jumapili baada ya misa. Wengi wenye tension ya juu wanakula nje karibu kila siku: kwenye malewa, vibanda vya chakula vya kando ya barabara, penye mafuta ya jana na juzi. Anayepika nyumbani, alisema, anajua mafuta yake yamechemka mara ngapi na chumvi ameitia kwa mkono gani. Alishauri kila nyumba ipike angalau mlo mmoja kwa siku, majani yasikosekane (lengalenga, matembele, sombe), na watu waketi pamoja kuula.

Papa Alphonse aliuliza: "Mama Cathy, na ile nyama ya kuchoma ya pale ku coin ya barabara, hata moja tu?"
Mama Cathy alijibu: "Moja ya nini, Papa? Kipande ao mbuzi muzima?"
Kikao kilisimama kidogo kwa ajili ya kicheko. Mama Michelle alisema jibu analijua yeye.

KUMB. NA. 4/07/2025: ZAMU YA PAPA CLÉMENT
Mwenyekiti aliwakumbusha wajumbe utaratibu wa Meza ya Jumuiya. Kila baada ya wiki mbili, siku ya Jumapili, nyumba moja kati ya kumi na mbili inapokea jumuiya nzima na kuilisha chakula kilichopikwa kwenye moto wa nyumba hiyo, wala si cha kununuliwa. Nyumba inayopitwa na zamu tatu inaondolewa kwenye orodha. Watu wake wataendelea kualikwa kwa wengine, lakini haitapokea tena.

Alieleza kwamba Mama Simone, mke wa Papa Clément, alifariki mwezi Mei 2024, na tangu hapo nyumba hii haijapokea. Zamu yake inayofuata ni tarehe 10 Agosti. Palitokea ubishi kama imepitwa na zamu moja au mbili. Katibu aliangalia daftari lake binafsi la tarehe na kusoma: 8 Septemba 2024 na 23 Februari 2025. Kwa hiyo ni mbili.

Mama Victorine alieleza kwamba yeye hana ubaya na mtu. Alikwisha kujitolea kupika kwa niaba ya Papa Clément, kwake, kwa sufuria zake, na Papa Clément awamwagie tu wageni maji ya kunawa. Alijibiwa "hapana, asante", na hajui alikosa nini. Alipendekeza nyumba hii ipumzishwe kwa heshima, kwa sababu haina mama.

Papa Alphonse aliunga mkono. Alisema: "Kwetu kule kaskazini, mwanaume akishika mwiko mbele ya bageni, bageni banauliza kama kuko kilio."

Papa Clément aliomba kusema akiwa amesimama. Alieleza kwamba baada ya mazishi alikula kwenye malewa miezi minane. "Kule hakuna muntu anaomba Mungu," alisema. "Sahani inafika, unakula, unatoka. Nilikuwa nakula sawa muntu anatia mafuta mu camion." Mwezi Januari Mama Cathy alimpima akamkuta na 17 kwa 10, tension ya juu sana. Akaogopa, akanunua mbabula (jiko la makaa) na mfuko wa makala, akaanza kujifunza kupika. Bukari ya kwanza, yaani ugali, aliitupa. Ya pili mbwa wa jirani aliikataa.

Alisema kwamba kufikia Pasaka alikuwa anakula bila kujilazimisha. Binti yake anayekaa upande wa Luano, ambaye alikuwa hafiki tena kwa sababu nyumba ilikuwa imenyamaza, sasa anafika kila Ijumaa na watoto wake watatu. Kabla ya kula, mjukuu mdogo ndiye anayebariki chakula, naye anawataja watu wote anaowajua, hata chakula kipoe. "Ile sala ilikuwa imekufa mu hii nyumba," alisema. "Ilirudia kupitia sufuria."

Kwa ruhusa yake, Mama Cathy alitaja kipimo cha asubuhi hii: 13 kwa 8, karibu na cha kawaida.

Papa Clément aliendelea: "Mama Victorine, sikukukatala juu ya mubaya. Kama unapika kwako, njo kwako kunapokea. Miye nataka bantu baingie huku. Mukiniondosha, hii nyumba itabakia ya kuonewa huruma. Niko na moto yangu."

Mama Victorine aliuliza: "Moto iko, sawa. Na chakula?"
Papa Clément alijibu: "Iko juu ya moto."
Ndipo wajumbe walipogeuka kutazama nyuma ya nyumba. Mama Victorine alisema harufu ya sombe aliisikia tangu wakati wa sala, ila alifikiri ni ya kwa jirani.

KUMB. NA. 5/07/2025: MLO (haukuwa kwenye ajenda)
Mwenyekiti aliuliza kama kanuni zinaruhusu kamati kula katikati ya kikao. Hakuna aliyekumbuka kanuni inayokataza. Wajumbe walinawa mikono.

Papa Clément alileta sombe ya karanga, samaki wa kukaanga, na bukari. Bukari haikuwa imewekwa mlima mmoja wa kumegewa na wote kama ilivyo desturi. Ilikuwa matonge makubwa yaliyolingana kabisa, kila moja kwenye sahani yake. Alieleza kwamba alifanya kazi ya kupima mawe ya mgodini miaka thelathini na moja, na hajui kukadiria kwa macho. Unga, maji, na hata matonge yenyewe aliyapima kwenye balance (mizani).

Papa Alphonse aliinua la kwake na kuuliza: "Hii ni bukari ao ni lingot, tofali ya shaba? Iko na numéro chini?"

Sahani zilipogawanywa ilionekana kwamba matonge ni kumi na watu ni kumi na mmoja. Papa Clément alihesabu tena, na tena. Alikuwa amehesabu wageni wote kwa usahihi akajisahau mwenyewe. Unga ulikuwa umekwisha. Alisema hana njaa, akataka kurudi jikoni.

Mama Victorine alimwambia: "Ikala chini." Alimega tonge lake katikati, akaweka nusu kwenye sahani tupu. Mama Cathy naye akamega, akafuata mwenyekiti, na wengine wote. Papa Alphonse alimega kidogo. Mama Michelle alimtazama, akaongeza. Sahani ya Papa Clément ilipomfikia, bukari yake ilikuwa kubwa kuliko ya mjumbe yeyote, na haikuwa na umbo lolote.

Papa Clément aliomba mwenyekiti abariki, kwa sababu yeye hawezi kusema kwa sasa. Mwenyekiti alibariki.

Kuhusu chakula chenyewe, Mama Victorine alitoa maoni kwamba chumvi ni kidogo. Mama Cathy alisema ndivyo inavyotakiwa. Mama Victorine alisema pia kwamba sombe imetwangwa vizuri kuliko ya watu fulani ambao hatawataja. Aliongezwa sombe mara mbili.

KUMB. NA. 6/07/2025: UAMUZI
Mama Victorine aliondoa pendekezo lake. Alipendekeza badala yake:
(a) nyumba ya Papa Clément ibaki kwenye orodha na ipokee tarehe 10 Agosti;
(b) orodha, ambayo mpaka leo inaandika majina ya akina mama tu, iandike jina la anayepika, awe nani;
(c) siku hiyo yeye mwenyewe afike saa tatu asubuhi, si kupika, bali kuhesabu watu.

Mwenyekiti aliitisha kura za mikono. Mwenye nyumba hakupiga. Mikono tisa iliinuliwa. Papa Alphonse hakuinua wake, akaeleza kwamba bado una sombe. Mwenyekiti aliagiza ahesabiwe miongoni mwa waliokubali.

Katibu alifuta jina la Mama Simone kwenye orodha kwa mstari mmoja, ili liendelee kusomeka, akaandika pembeni yake: Papa Clément.

KUMB. NA. 7/07/2025: MENGINEYO
Mama Michelle alisema kwamba kama sasa orodha inaandika jina la anayepika, anaomba rekebisho moja. Zamu itakayofuata ile ya Papa Clément, ya tarehe 24 Agosti, ni ya nyumba yao. Anaomba paandikwe Papa Alphonse.

Papa Alphonse alisema hilo halikuwa kwenye ajenda. Mwenyekiti alimjibu kwamba hata samaki hakuwa kwenye ajenda, naye amekula wawili. Papa Alphonse aliuliza ni nani atamfundisha. Papa Clément alijitolea, kuanzia Jumanne, na kumkumbusha aje na unga wa kutosha kwa sababu bukari ya kwanza hutupwa. Mikono kumi iliinuliwa. Papa Alphonse aliomba iandikwe kwamba wake haukuwemo. Imeandikwa.

KUFUNGA
Vyombo vilioshwa na wanaume. Kikao kilifungwa saa kumi na moja kasoro robo jioni. Papa Clément, ambaye sauti yake ilikuwa imerudi, aliombwa kutoa sala ya mwisho. Alimshukuru Mungu kwa chakula na kwa mikono iliyokimega. Alimwombea Mama Simone. Aliombea nyumba zote kumi na mbili. Kisha, kwa jina na kwa tarehe, aliombea bukari ya Papa Alphonse. Wajumbe waliitikia Amina mara mbili.

Mwenyekiti: (sahihi) Donat Mukuka
Katibu: (sahihi) Chance Mwelwa