Anasema Ugonjwa Nimeutoa Nje, Nami Najua Umetoka Mikononi Mwake

Mama Mshauri, shikamoo. Nakuandikia nikiwa nimesimama, karatasi nimeiweka juu ya friji, kwa sababu kukaa siwezi, na nikikueleza kwa nini siwezi kukaa utakuwa umeshaijua shida yangu yote. Naomba unijibu kabla ya Jumapili ya mwisho wa mwezi huu, maana siku hiyo kaka mkubwa wa mume wangu anakuja na mkewe kukaa kikao, na kinachojadiliwa ni mimi.

Nina miaka thelathini na minane, nimeolewa miaka kumi na minne, tuna watoto wawili. Mimi nashona sare za shule kwenye karakana yenye cherehani sita, mume wangu ni fundi rangi wa magari, mtu mpole, mtu wa utani, hanywi, hapigi, gereji nzima wanamwita Profesa kwa sababu hawezi kupuliza rangi bila kukuhutubia. Miaka mitatu iliyopita sukari ilimshika, na tangu hapo mambo ya chumbani yakakatika kabisa, akajaribu akashindwa, akajaribu tena akashindwa, mwisho akawa anageukia ukuta na mimi najifanya nimesinzia, miezi saba tuliishi hivyo, tunaongea habari za ada na gesi tu kama wapangaji wawili.

Ndipo Jumapili moja mchana, watoto wako kwa shangazi yao, akanigeukia akaniambia, "Mke wangu, mikono bado ninayo." Mama, nilitaka kucheka nikataka kulia. Akanishika, na tangu siku ile ya kwanza iliuma, lakini nilimtazama usoni nikaona mtu anayefanya mtihani wa mwisho wa maisha yake, basi nikapiga kelele za furaha, nikamwambia hapo hapo, usiache, na yeye akaamka anapiga mluzi, akaenda kunipikia chai. Miezi saba sijamsikia akipiga mluzi. Wewe ungefanyaje?

Sasa ikawa kila Jumapili. Vidole vyake vinashinda kwenye msasa, ncha zake zimekuwa msasa wenyewe, kucha hakati kwa sababu anasema zinamsaidia kubandua gundi, na kwa vile anajua napenda usafi, kabla ya kunijia husugua mikono kwa thina ya kuondolea rangi mpaka inang'aa, kisha sabuni ya unga, kisha losheni yangu ya manukato, halafu ananinusisha, "Ona, mikono ya daktari hii." Nikisikia tu harufu ile ya thina nashika ukingo wa kitanda. Nikiguna kwa maumivu anadhani ndiyo nimefika, anaongeza nguvu, nami namsifu ili amalize upesi.

Kazini nimeanza kukaa upande upande. Mwenzangu wa cherehani ya jirani akaniuliza mbele ya wote, "Shoga, hiyo stuli ina misumari?" Nikamwambia mgongo. "Mgongo gani ulioteremka mpaka huko?" Wakaangua kicheko, nikacheka nao huku jasho linanitoka. Nilipoanza kutokwa na uchafu wenye harufu nikaenda kliniki, nesi akasema nina michubuko na maambukizi, akanipa dawa, na kwenye kadi akaandika, "Arudi na mwenza." Niliificha kadi kwenye kopo la vifungo. Wiki iliyopita mume wangu alitafuta kifungo cha shati, akaja nayo jikoni. Hakupaza sauti, na hilo ndilo lililoniogopesha.

"Hii nini?"

"Kadi ya kliniki, baba watoto."

"Kusoma najua. Wanataka mwenza. Mwenza gani? Mimi sijakuingilia miaka mitatu. Maambukizi haya umeyatoa kwa nani?"

Akachukua mto akahamia sebuleni, na kesho yake akampigia simu kaka yake nikiwa nasikia.

Mama, nikinyamaza mimi ni malaya mbele ya shemeji zangu na siku moja mbele ya watoto wangu. Nikisema, namwambia mwanamume aliyebakiwa na mikono tu kwamba hata hiyo mikono inaniumiza, na kwamba zile Jumapili zote nilikuwa naigiza. Je, nikisema nimeupata kwenye choo cha kazini nitakuwa nimekosea? Naomba unisaidie, usiku silali, mchana sikai.

Mke Mwenye Kadi

* * *

Mwanangu, marahaba, na pole.

Choo cha kazini kiache kilivyo, hakijakukosea lolote. Uongo huo hautamaliza hata dakika tano mbele ya mtu aliyekwishaanza kukushuku, na siku utakapoporomoka, ukweli nao hautaaminiwa tena.

Tuanze na hesabu ya mumeo, kwa sababu ndiyo inayokutisha. Yeye anafikiri hivi: ugonjwa wa huko chini huletwa na kuingiliwa tu, mimi sijamwingilia, kwa hiyo kuna mwingine. Amekosea kwenye mstari wa kwanza, na watu wengi waliosoma kumzidi hukosea hapo hapo. Ngozi ya kiganja ni nene, imezoea kazi. Ngozi ya uke ni laini kama ya ndani ya mdomo. Mwulize kama angethubutu kujisugua ufizi kwa kidole kilichotoka kwenye thina. Thina huondoa rangi, na pamoja na rangi huondoa mafuta ya asili ya ngozi, vidole vinakauka, vinapasuka nyufa ndogo zisizoonekana, na ndani ya nyufa hizo na chini ya kucha hubaki dawa na vijidudu. Kidole kikwaruzacho kinafungua mlango, vijidudu vinaingia. Losheni ya manukato inazidisha. Mwili wa mwanamke una ulinzi wake wa ndani, na vitu hivi vyote huuvuruga. Mtu anaweza kuambukizwa kwa mkono wa mumewe mwenyewe aliyeoga.

Na yale maneno ya kwenye kadi hayakuandikwa kukushtaki. Mara nyingi mgonjwa wa aina yako huambiwa aje na mwenzake ili wote wapimwe, asitibiwe mmoja mwingine akabaki.

Sasa nakugeukia wewe, na utanisamehe. Miaka miwili na zaidi umekuwa mwalimu anayepigia vema majibu yaliyokosewa. Mumeo hakujifundisha mwenyewe kukuumiza, kelele zako ndizo zilizomfundisha. Kila alipokwaruza ulisifu, naye kama mwanafunzi mwenye bidii akarudia kilichosifiwa, kwa nguvu zaidi. Najua kwa nini ulifanya hivyo. Ulimwona mtu anadidimia, ukampa ulichokuwa nacho. Siku ya kwanza ulikuwa wema. Ya pili ningekuvumilia. Zilizofuata, mwanangu, ulikuwa unamnyima mumeo kitu alichokuwa anakitafuta kwa moyo wote, yaani kukuridhisha kweli.

Kuna jambo moja ambalo huenda hamlijui nyote wawili. Sukari ya muda mrefu huweza kupunguza hisi za vidole. Mwulize kama vinamfa ganzi au vinamchomachoma. Ikiwa ndivyo, basi alikuwa hajui anabonyeza kwa nguvu kiasi gani, na hilo halimfanyi mkatili, linamfanya mgonjwa anayehitaji kumwambia daktari wake. Amwambie pia kuhusu nguvu zilizopotea. Wanaume wengi wenye sukari hupata nafuu sukari ikitulizwa, na tiba zipo, ila za kupewa na daktari. Vidonge vya kuuziwa barabarani vinaweza kumsimamisha moyo, hasa kama anameza dawa za moyo au presha.

Kwa sasa usiguswe kabisa mpaka umalize dawa na kidonda kipone, hata ikichukua mwezi. Usijioshe ndani kwa sabuni wala kwa dawa ya kienyeji, maji safi kwa nje yanatosha.

Mtakapokuwa tayari, mikono ndiyo ya kuanza nayo. Gereji avae glavu. Rangi iliyobaki mikononi aiondoe kwa mafuta ya kupikia, asugue taratibu, kisha sabuni ya kawaida na maji ya uvuguvugu, na thina ibaki kazi ya kusafisha vifaa. Kucha zikatwe na kusuguliwa pembe zake, gundi atafute kisu cha kuibandulia. Kidole chenye jeraha au ufa kikae pembeni siku hiyo, au avae glavu nyembamba za hospitali. Losheni ikae mezani kwako. Duka la dawa lina mafuta maalumu ya kulainisha, yaliyotengenezwa kwa maji, yasiyo na harufu wala kitu cha kuwasha. Mnunue, na msione haya, muuzaji ameuza mengi.

Kisha mumeo ajue anatafuta nini. Wanaume wengi hufikiri raha ya mwanamke iko ndani, ndipo wanakwenda moja kwa moja kama mtu anayetafuta funguo kwenye mfuko. Kwa wanawake wengi raha iko zaidi kwenye kinembe, hapo juu kwa nje, penye mishipa mingi ya fahamu kuliko sehemu nyingine. Kwa sababu hiyo hiyo hapataki kusuguliwa. Aanze mbali, mgongoni, kifuani, mapajani, asifike mapema. Akifika, atumie tumbo la kidole, si ncha, azunguke pembeni, juu ya ngozi inayokifunika, kwa uzito ambao angeutumia kugusa kope ya jicho lake mwenyewe. Aongeze pale tu utakapoomba. Ukikaribia, abaki na mwendo ule ule, kwa maana wengi ndipo hubadilisha wakidhani wanasaidia, na kila kitu kinapotea. Kuingiza kidole si lazima. Ukikitaka, kiwe kimoja, polepole, ukiwa umeshalainika. Mkono uliogusa nyuma usirudi mbele kabla ya kunawa. Baada ya hapo nenda haja ndogo, huwasaidia baadhi yetu kuepuka maambukizi ya njia ya mkojo.

Wewe nawe usilale kama mtu anayesubiri sindano. Weka mkono wako juu ya wake, uongoze. Kubalianeni maneno matatu: "taratibu", "hapo" na "basi". Basi ikitamkwa, mkono unatoka, bila kununa na bila maswali. Na kuanzia siku hiyo usipige hata kelele moja ya uongo. Siku raha isipofika, haikufika, mtakunywa chai mlale.

Usimsahau na yeye. Mwanamume ambaye hasimami hajafa ganzi. Mguse polepole, kwa mafuta yale yale, bila kuvuta na bila kungojea kitu kisimame. Anaweza kupata raha, hata kufika, akiwa laini. Nina wasiwasi hakuna aliyewahi kumwambia hivyo, na mkono wake ulikuwa mzito kwa sababu aliubebesha kazi ya mwili mzima.

Linabaki lililo gumu. Mwambie mchana, si kitandani na si sebuleni kwenye mto wake. Toka naye mtembee, maana mambo haya husemeka kirahisi watu wakiwa hawatazamani. Sema, "Hakuna mtu mwingine. Nimeumizwa na mikono yako, na sikukwambia kwa sababu niliogopa utageukia ukuta tena. Kosa langu ni kunyamaza. Twende kliniki, nesi akueleze mwenyewe." Usianze na mengine, na usimwombe msamaha kwa uzinzi ambao hukuufanya. Atakasirika. Huenda akauliza kuhusu Jumapili moja moja, kama nayo ilikuwa ya uongo. Jibu ukweli. Ikiwa ipo hata moja iliyokuwa tamu, mwambie ni ipi, itamfaa kuliko dawa yoyote.

Kama kikao kitakaliwa licha ya hayo, peleka sentensi moja tu: "Mimi na mwenzangu tumeshaenda hospitali, tunatibiwa." Shemeji yako hana haki ya kujua zaidi, hata akiwa mkubwa kiasi gani. Usiende peke yako, keti na mtu mzima wa upande wako. Na mumeo akikataa kabisa kwenda kliniki, akachagua kukuita malaya badala ya kumsikiliza nesi, mikono haitakuwa tena shida ya nyumba hiyo, na utarudi kwenu kwa heshima yako ukatibiwe huko.

Nimebadilisha jina la utani la mumeo. Kazi yake nimeiacha kama ilivyo, kwa sababu ushauri wote umesimama juu ya kazi hiyo, nao utawafaa wake wengine wa mafundi. Lakini ujue kwamba mafundi rangi hubandika magazeti kwenye vioo kabla ya kupuliza. Gazeti hili linatoka leo Jumatano, kufikia Ijumaa ukurasa huu unaweza kuwa umeshafika gereji. Usimwache mume wako akutane na habari za ndoa yake kwenye kioo cha gari la mteja. Mwambie leo.