Pochi ya Funguo Tatu

Jumamosi, 7 Februari 2026

Kikao kama kawaida, nyuma ya bloku yetu, kambi ya polisi Nsambya. Sanduku la akiba limefunguliwa kwa funguo tatu: wangu, wa Rukiah na wa Nabangala. Wanachama wote wamefika isipokuwa wawili.

Kisha nikasoma karatasi tuliyoletewa. Serikali inataka kujaribu shilingi ya kidijitali, na vikundi vya akiba vinaalikwa. Nabangala akauliza ina tofauti gani na mobile money. Rukiah akamjibu kwamba mobile money ni ahadi ya kampuni, hii ni shilingi yenyewe ya serikali, imevua karatasi tu. Nabangala akasema basi inatembea uchi mjini. Kikao kikasimama kwa kicheko.

Tunaitaka. Kila ikikaribia Desemba, wakati wa kugawana, tunalala sikio moja liko dirishani kwa hofu ya wezi. Lakini rasimu ya kanuni ina mstari mbaya: kila pochi, yaani akaunti ya shilingi hiyo kwenye simu, iwe na mwenyewe mmoja. Mmoja! Kwenye kambi ambayo askari anahamishwa leo, mkewe anafungasha kesho? Mwenyewe akienda Gulu, jasho letu sote limepanda lori pamoja naye. Kwa kanuni hiyo hatuingii.

Kamati inasikiliza maoni ya wananchi Alhamisi, Kyambogo. Wamenichagua mimi niseme. Nina Senior Four, kidato cha nne, na sauti ya paredi, kasema Nabangala.

Jumatano, 11 Februari

Nimeandika hoja, nikazikata, nikaziandika upya. Mume wangu Okullo alisikiliza huku anapaka buti rangi. Kasema sheria haibadilishwi kwa ajili ya wake wa makonstebo. Nikamkumbusha kwamba yeye ni sajenti. Akachukua buti la pili.

Alhamisi, 12 Februari

Nilikwenda na sanduku lenyewe. Mlinzi wa lango akataka lifunguliwe. Nikamwambia haiwezekani, wenzangu hawajafika: mmoja yuko kwenye boda yake, mwingine kwenye teksi. Washika funguo wetu hawapandi chombo kimoja, ndiyo desturi. Akanitazama kama mwizi, akanikalisha juani mpaka Nabangala na Rukiah walipotokea, kila mmoja na njia yake, ufunguo shingoni.

Ukumbini niliacha hoja zote, nikasema moja. Pesa za watu wengi zikiandikwa jina la mmoja, sheria imempa huyo mmoja, hata kama ni mtakatifu.

Mwenyekiti wa kamati ni mwanasheria, Bi Nanyama. Hakunipendelea. Kasema serikali lazima ijue pesa ni za nani, la sivyo pesa chafu itajificha nyuma ya jina la kikundi. Swali la haki. Nikamwambia: basi mtajua watu watatu badala ya mmoja, wenye vitambulisho vitatu.

Akaandika. Kisha, kwa heshima ya Kiganda: “Na mshika ufunguo akihamishwa, nyabo?”

Nikaeleza. Anauvua shingoni, anamvalisha mwingine mbele ya kikao. Ila wale wawili wanaobaki lazima wakubali kwanza.

“Wakikataa?”

“Hauhami.”

“Hata kama mwenyewe anaondoka?”

“Hata kama injini ya lori inanguruma.”

Ukumbi ukacheka. Bi Nanyama hakucheka, kalamu yake ilikuwa inakimbia.

Nabangala alitununulia rolex, mayai moto ndani ya chapati, tukala tumesimama kando ya barabara. Hatujui jibu. Lakini tumesikika.

Ijumaa, 13 Machi

Imetoka! Kanuni za majaribio, kifungu cha 14. Pochi ya kikundi itafunguliwa kwa idhini ya washika funguo watatu. Ufunguo hautahamishwa bila idhini ya wawili wanaobaki. Ni maneno yetu. Wameyavalisha suti na tai, lakini nayatambua sura.

Sherehe ilikuwa na shida zake. Rukiah amefunga Ramadhani, hivyo tukasubiri magharibi. Sisi Wakatoliki ni Ijumaa ya Kwaresima, nyama hakuna. Nabangala, mlokole, kasema yeye peke yake ana ruhusa ya kuku na hakuna aliyemchinjia. Tukashangilia kwa maharage, tende na chai ya maziwa. Wanawake waliimba mpaka jirani akaja kuuliza nani anaolewa.

Okullo alisoma kifungu, akakisoma tena. Akanipigia saluti pale mlangoni, kamili, visigino pamoja. Sikujua niweke wapi mikono.

Jumanne, 24 Machi

Ofisa wa usajili, Bwana Wandera, amekuja na mashine yake. Akaingiza namba zetu za simu, ambazo sasa ndizo funguo, akakunja uso. Laini yangu ina jina la Okullo. Ya Nabangala ina jina la mumewe. Ya Rukiah ina jina la marehemu mumewe. Tulipigana mpaka Kyambogo, kumbe funguo zote tatu ni za wanaume, mmoja yuko kaburini.

Bwana Wandera kasema kwa upole kwamba marehemu hawezi kuidhinisha. Rukiah akamjibu: “Hata alipokuwa hai, ssebo, hakuidhinisha kitu.”

Tumetoka hapo moja kwa moja kusajili laini mpya. Majina yetu wenyewe, picha zetu wenyewe. Nabangala alisuka nywele kwanza.

Jumamosi, 28 Machi

Pochi imefunguka. Mkopo wa kwanza ni wa mwanachama wetu Abwola, wa kununua cherehani. Tulikaa pembe tatu za uwanja, kama tulivyozoea kufungua sanduku, ingawa Bwana Wandera alisema si lazima. Nikaidhinisha, simu ya Abwola kimya. Rukiah, kimya. Nabangala akabonyeza, na simu ya Abwola ikalia. Makofi! Vikundi vya Naguru na Entebbe vimeshaomba niwafundishe. Mimi, Akidi, mke wa sajenti.

Jumatano, 8 Aprili

Kwenye paredi ya asubuhi wamesoma majina ya wanaohamishwa. Okullo, Moroto. Lori ni Jumapili.

Nimefunga vyombo vya jikoni. Sikulia. Kifungu kipo, na mimi nitakuwa wa kwanza kukitumia. Abwola amekubali kupokea ufunguo.

Ijumaa, 10 Aprili

Asubuhi nimeomba kuhamisha ufunguo. Rukiah aliidhinisha kabla sijaweka simu chini. Kisha akaja mwenyewe, akanikumbatia bila kunitazama.

Nabangala hajaidhinisha. Nikamfuata soko la Owino, anakouza nguo. Alikuwa amezama kwenye rundo la suruali za mitumba.

“Umeona ujumbe?”

“Simu haina chaji, mama.”

Ikalia mkobani mwake. Tukautazama mkoba sote wawili mpaka simu ikanyamaza.

“Nabangala. Jumapili naondoka.”

“Nimesoma kifungu chako. Kinasema tukubali. Hakisemi lini.” Akamgeukia mteja. “Hii inakutosha, usijibane tumbo.”

Kweli, hatukuweka muda. Sisi sote, pamoja na mwanasheria.

Mchana Bwana Wandera akapiga simu. Ameona ombi limekwama, kasema ataliidhinisha kutoka ofisini. Nikamwambia jaribu. Nikasikia anabonyeza, anabonyeza tena. Mwishowe, kwa sauti ndogo: “Haiwezekani, nyabo. Mfumo unamtaka yeye.” Nimecheka peke yangu kati ya masanduku na magodoro, nimecheka mpaka machozi. Serikali nzima inamsubiri Nabangala!

Sasa ni jioni, naye yupo hapa. Amekuja na sweta mbili, kasema usiku wa Moroto una upepo. Amekaa juu ya godoro lililofungwa kamba, ananisimulia bei ya viatu. Okullo anatupitishia chai. Nabangala ameiweka simu yake mezani katikati yetu, kioo kimelala chini. Namenya ndizi, naandika, namenya. Hakuna anayeigusa simu; akibonyeza, nimeshaondoka.