Sikuwasha Moto wa Bibiane

Katwe, Kampala,
8 Septemba 1974.

Mpendwa dada yangu mkubwa, yaya Kahambu,

Nakusalimu kwa jina la Yesu na Maria, mimi mdogo wako. Hujambo huko Butembo? Goti lako linaendeleaje na baridi ya mlimani? Na shemeji, kifua kimetulia? Sisi tu wazima kwa neema ya Mungu. Mume wangu Ambroise anakohoa kidogo kwa moshi wa karakana, lakini anakula vizuri, na mtu anayekula hatumlilii.

Barua hii nampa Katembo, yule muuza nguo, aivushe mpaka wa Kasindi kwa mkono wake, maana siku hizi za posta husomwa na wengine kabla ya mwenyewe. Mambo ya mji siandiki. Unaelewa.

Ninalotaka kukueleza ni la moyoni, na nikimwambia mtu wa hapa nitachekwa. Yaya, nina wivu. Namwonea wivu Bibiane, mke wa Valère, mdogo wake Ambroise. Mimi ndiye niliyempokea alipokuja, nikamfundisha kukanda udongo, kusaga vigae na kuvichanganya ndani ili chombo kisipasuke motoni. Alikuwa hajui hata kusimamisha mdomo wa chungu.

Sasa, tangu Wahindi waondoke, spea haziji. Karakana ya Ambroise na Valère imejaa injini za magari ya zamani, ya enzi za Waingereza, zimelala tu kama ng'ombe wagonjwa. Bibiane akipeleka chakula alikuwa anakaa kuzitazama. Siku moja akaanza kuzifinyanga kwa udongo. Silinda akazipanga kama vyungu mapacha, bomba za moshi akazipinda kama matumbo ya mbuzi, na juu akachomeka plagi ndogondogo. Nilicheka. Nikamuuliza hiyo atapikia nini. Akasema, "Haipiki, yaya. Inakaa tu."

Basi watu wakaanza kuja. Mafundi wa Katwe wanazizunguka, wanabishana hii ni Morisi, hapana ni Ostini, wanagusa kabureta ya udongo na kutikisa vichwa. Na Ambroise wangu, ambaye tangu tuoane hajasifu hata mtungi wangu mmoja, anakunywa maji bila kuutazama, siku hiyo alisimama mbele ya kazi ya yule mwanamke akasema, "Hii ukiitia mafuta itanguruma." Niliingia jikoni nikalia, nikasingizia vitunguu.

Kilichonichoma zaidi ni Alum, rafiki yangu wa rozari, mtu wa Lango, kule kaskazini. Mumewe Okullo alikuwa dereva wa polisi. Alikuwa na Morisi kuukuu aliyoipenda mno, akaileta kwa Ambroise, injini ikashushwa. Kisha asubuhi moja Okullo alikwenda kazini, hakurudi. Alum alimtafuta mpaka hospitali ya Mulago, akarudi mikono mitupu. Wakaja watu wakakokota bodi ya gari, wakasema injini wataifuata. Alum hana kaburi la kuendea, yaya. Akataka afinyangiwe ile injini aiweke nyumbani, na hakuniomba mimi. Alinisalimu vizuri mlangoni kwangu, akapita, akaingia kwa Bibiane. Fikiri, hata juu ya msiba wa mtu niliona wivu.

Udongo ulikuwa bado haujakauka wale watu waliporudi kuchukua injini yenyewe. Kwa hiyo ile ya udongo ikipasuka motoni, hakuna tena ya kuiga.

Na moto wa kuchomea vyombo, unajua, kwetu huwashwa na mkubwa. Hapa mkubwa ni mimi. Lakini Mama alitukataza: mwenye kinyongo na mwenye chombo asiwashe, chombo kitapasuka. Nilikwenda kwa padri. Aliniambia udongo haujui moyo wa mtu, nisali tu. Nikasali sana. Lakini padri hajawahi kuchoma chungu.

Ikafika Jumamosi. Kuni zimepangwa, nyasi juu yake, Alum ameketi kwenye mkeka. Bibiane akanipa kijinga cha moto kwa mikono miwili. Mkono wangu ukakataa. Nikamvuta pembeni nikamwambia, "Bibiane, nina wivu nawe. Washa mwenyewe."

Akasema, "Najua, yaya. Nilikuwa nangoja useme."

Akawasha. Mimi nikaenda kusimama mbali, kwenye ua wa matete. Alum akaniona nikijitenga, akadhani naogopa kuonekana na mke wa mtu aliyechukuliwa. Tangu siku hiyo anasali rozari peke yake. Nitamwambiaje ukweli? Kwamba si serikali niliyoiogopa, ni mikono yangu?

Ile injini ya udongo ilitoka nzima, hata plagi moja haikuanguka. Alum aliikumbatia kifuani ikiwa bado na joto, akalia kilio ambacho alikuwa hajalia tangu mumewe apotee. Nami nilifurahi, Mungu ananiona. Halafu nikaitazama mikono ya Bibiane, na furaha ikanitoka. Ningependa kukuandikia kwamba wivu umekwisha. Umeongezeka, maana sasa siwezi hata kujidanganya kwamba kazi yake ni mbovu.

Na yeye ananingoja. Vyombo vyake na vyangu vimekaa pamoja bandani, vimekauka, mvua zinakaribia, na amesema hataviwashia moto mpaka niwashe mimi. Mama aliwahi kugombana na shangazi msimu mzima, kisha akarudi kwenye moto, na hakuna kilichopasuka. Mimi nilikuwa mdogo, nakumbuka tu kwamba alinawa. Wewe ulikaa karibu naye. Alifanya nini kabla ya kushika kijinga? Alimwambia nini shangazi?

Nisalimie Hippolyte na mkewe, na mama Kavira jirani. Mwambie Masika nimefurahi kusikia amejifungua salama. Bwana awafunike nyote kwa mkono wake, na Bikira awaombee.

Katembo anarudi huku baada ya soko kubwa. Tafadhali mpe jibu, usichelewe.

Mdogo wako akupendaye na kukukumbuka,
Perpétue