Makofi kwa Skrini ya Kijani

Dada mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe, shemeji na wale wanao wasumbufu. Mimi mwili haujambo, ila roho imenichafuka, na utanisamehe salamu zangu zikiwa na ukali. Simu umeizima tangu hospitali ikuambie ukae nyumbani, kwa hiyo nimemwomba shemeji akufikishie hii mkononi, kabla hujaenda kutia sahihi ile karatasi ya kukiri kwamba ulimpa mtoto dozi ya mtu mzima kwa uzembe.

Uliandika kwamba mtoto amepona, nikashukuru. Ukaandika pia kwamba lazima ulisinzia, maana huna maelezo mengine. Wewe, uliyekuwa ukinipimia dawa ya kikohozi huku umeinua kijiko usawa wa jicho! Sikuamini, na bado siamini.

Hujawahi kuelewa ninafanya kazi gani, na mama huwaambia watu kuwa natengeneza redio. Ninajaribu programu ya hospitali kabla wateja hawajapelekewa. Ndani ya kompyuta moja kubwa tunawasha kompyuta nyingi zisizo na mwili, tunaziita mashine pepe, na ndani ya kila moja roboti, naye ni programu tu isiyo na mwili, anabonyeza vitufe kama muuguzi: anaandika jina, anaandika uzito, anaomba dozi. Jibu likiwa sahihi, skrini ya ukutani inaonyesha kijani, likikosewa, nyekundu. Kisha mashine inafutwa, na jaribio linalofuata linaanza na mashine mpya, safi kama sahani iliyooshwa.

Bosi wetu tunamwita Kijani, kwa kuwa rangi nyingine haitaki. Ukuta ukiwa kijani tupu anatununulia soda, nasi tunapiga makofi. Watu wazima, dada, na ndevu zetu, tunaupigia ukuta makofi.

Baada ya kusoma barua yako nilifanya jambo ambalo kwetu halifanywi: sikuifuta mashine. Nilikaa nayo kama muuguzi anavyokaa na kompyuta yake zamu nzima, mgonjwa baada ya mgonjwa. Nikamwingiza mzee wa kilo themanini, kisha mtoto mdogo. Jina likabadilika, umri ukabadilika, hata uzito wa mtoto ukaonekana vizuri kabisa. Lakini dozi ilikuwa imepigiwa hesabu kwa kilo za yule mzee. Nikarudia, ikawa vilevile. Roboti wetu hawawezi kuliona kosa hilo, kwa sababu kila mmoja anamhudumia mgonjwa mmoja tu, kisha mashine yake inafutwa.

Nilimpelekea Kijani habari nikidhani atashtuka. Alikuwa akichokonoa meno kwa kona ya kitambulisho chake. Akasema hilo analijua. Lilikuwapo jaribio la wagonjwa wawili, na yeye mwenyewe aliliondoa kwa sababu lilikuwa linamharibia ukuta. Mashine iliyokwisha kutumika ni chafu, akasema, na matokeo yake hayahesabiwi. Wauguzi waifunge programu na kuifungua upya kwa kila mgonjwa. Nikamuuliza wameambiwa lini. Akanijibu nisijitie kiherehere. Wenzangu wakainamia soda zao. Nilikwenda chooni nikanawa hadi sabuni ikaisha, wala sitii chumvi, na bado najiona nanuka ofisi ile.

Sasa sikiliza. Uliandika kwamba mama wa mtoto alipokuwa akilia ulishindwa kumtazama, ukabaki kukodolea macho moyo mdogo wa buluu kwenye kona ya skrini. Moyo ule ni alama yetu, dada. Programu ile ni yetu. Hukusinzia. Ulisoma ulichoandikiwa, na walioandika uongo ni sisi.

Nimerekodi mashine ikikosea mwanzo hadi mwisho, na video nimeshampelekea mganga mkuu wenu pamoja na jina langu. Nimemsihi pia awaambie wauguzi wenzako, leo hii, waifunge programu baada ya kila mgonjwa. Kijani atajua kesho, na kesho sitakuwa na kazi. Wala sijutii. Kinachonikera ni yale makofi niliyopiga.

Msalimie shemeji, na wanao waambie mjomba anakuja kukaa nao, tena safari hii hana haraka ya kurudi. Mama usimwambie bado, mwache na redio zake. Na ile karatasi, dada yangu, usiitie sahihi.

Ni mimi mdogo wako,
Kitindamimba