Mjomba Kaipa Metallica Kura

Acha unachofanya, soma hii. Mjomba kanisaliti. Mjomba! Mbele ya gereji nzima!

Unajua Jumatatu yetu: tunabishana bendi gani ya thrash metal, ule muziki wa magitaa na makelele, ndiyo baba lao, halafu tunapiga kura kwa kunyanyua spana. Inayoshinda inapigwa wiki nzima.

Leo Slayer na Metallica wakafungana, amebaki Mjomba tu. Mimi nishaanza kucheka, maana nani kanilea na Slayer? Si yeye?

Akanyanyua spana kwa Metallica. METALLICA! Fundi umeme akaruka kama kafunga goli.

Nikamwambia, "Mjomba, umechanganya."

Anafuta mikono taratibu. "Sijachanganya. Slayer sijawahi kuipenda hata siku moja."

Hata siku moja, unasikia?

"Sasa ulikuwa unaniwekea ya nini?"

"Mama yako alipokuleta kwangu ulikuwa unalia mpaka sauti inakauka. Ukisikia zile kelele tu, unalala. Ningefanyaje?"

Watu hawana mbavu. Mimi niko chini ya gari, najifanya nakaza nati.

Miaka yote naringa kwamba nimerithi kwake. Kumbe ukoo mzima shabiki wa Slayer ni mimi peke yangu.