Siku Uliyomwambia Amekonda

Marahaba, mjukuu wangu Zuhura. Huku Kivinje hatujambo, na mikorosho imeanza kuchanua.

Unauliza kwa nini yule mama unayemfundisha mazoezi ameacha kuja tangu umsifu kuwa amekonda. Dada yangu Somoe alikuwa na kisukari. Nesi alimshauri apunguze mwili, naye akaanza kutembea kila alfajiri. Majirani wakamwambia, "Somoe, umekonda! Mumeo hakulishi, au unaumwa?" Akaona aibu, akaacha kutembea. Tulimzika angali kijana.

Mfuate huyo mama kwake. Mwambie, "Mama, siku hizi unapanda ngazi bila kuhema." Somoe alikuwa amefikia kupanda kilima cha Singino huku akiimba, na hakuna hata mmoja wetu aliyemwambia.

Bibi yako anayekuombea.